Picha ya Saa Tisa Usiku

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga Jumapili moja ya Aprili 2013, na badala ya kunisalimia akaniuliza kama nipo peke yangu. Kwa sisi tunaoishi mbali na nyumbani, swali hilo lina maana moja tu. Nikakaa kitandani, nikamwambia sema, nimeshakaa.

"Hakuna msiba, kaka. Ila kuna picha yako mtandaoni. Umevaa ile sare ya kazini, pembeni wameandika kosa na kiasi cha dhamana."

Alikuwa akinitafuta Google ili amwonyeshe mchumba wake sura ya shemeji aliyeko Marekani. Shemeji akaonekana kweli: macho mekundu, moja limefumba nusu, kola imepinda, na kifuani doa la uji wa oti alionimwagia bibi mmoja niliyekuwa namlisha jioni ile.

"Mama ameiona?"

Akanyamaza kidogo. "Ameiona. Ameuliza umeiba nini."

Picha yenyewe niliijua. Ilipigwa saa tisa usiku, Novemba 2012, kwenye jela ya kaunti moja pembezoni mwa jiji la Atlanta, jimbo la Georgia. Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Nikiwa narudi nyumbani polisi akanisimamisha kwa sababu taa yangu moja ya nyuma haikuwaka. Nilitegemea onyo, au tiketi. Akaenda kwenye gari lake na leseni yangu, akakaa muda mrefu kuliko kawaida, aliporudi akaniambia nishuke, nigeuke, mikono nyuma.

Kumbe leseni ilikuwa imefungiwa. Miezi kadhaa kabla nilikuwa nimepigwa tiketi ya mwendo kasi, kisha nikahama nyumba. Barua ya kunikumbusha tarehe ya mahakama ikaenda anwani ya zamani, na hakimu alipoita jina langu hapakuwa na mtu. Mahakama ikaandika kwamba sikutokea, idara ya leseni ikafungia leseni, barua ya kunijulisha nayo ikaenda kulekule. Kuendesha ukiwa umefungiwa leseni, kwa Georgia, ni kosa la jinai. Dogo, lakini la jinai, na unachukuliwa alama za vidole kama mtu aliyevunja benki.

Kwetu ukilala lupango usiku mmoja habari inaishia kwa jirani, na jirani naye atachoka. Huku, aliyenipiga picha alisema tu "tazama hapa," nikatazama, na usingizi wangu wote wa siku ile ukabaki kwenye picha.

Kabla sijafika kwenye mtandao niseme la mahakamani, kwa maana ndilo lililoniokoa baadaye, na wakati ule sikulijua. Siku ya kesi mwendesha mashtaka hukuita pembeni. Anakupa njia ya mkato: kubali kosa, lipa faini, uende zako leo. Mtu amekosa kazi siku nzima, gari limeshikwa, anaona bora yaishe. Rafiki yangu mmoja Mkongomani anayeishi Clarkston, mji mdogo hapa Georgia uliojaa wakimbizi, alikubali njia hiyo kwa kosa kama langu. Alitoka anacheka. Leo hajui acheke nini, kwa sababu kukubali kosa ni kutiwa hatiani, na hatia haifungwi kirahisi. Kwa miaka mingi karibu haikuwezekana. Tangu 1 Januari 2021 sheria ya Georgia imefungua mlango mdogo: unaweza kumwomba hakimu afunge makosa madogo mawili tu katika maisha yako, na ni baada ya kukaa miaka 4 bila hatia nyingine, tena si kila kosa.

Mimi nilipata wakili wa kunitetea anayelipwa na serikali, dada mmoja mwenye haraka, ambaye aliongea na mimi dakika nne. Katika hizo nne akasema, usikubali chochote leo. Nenda kafungue leseni yako, lipa ile tiketi ya zamani, uje na risiti. Nikafanya hivyo. Februari 2013 mwendesha mashtaka akaiondoa kesi. Nikatoka nikidhani mambo yamekwisha, ndiyo maana simu ya Tanga ilinikuta sina habari.

Tovuti ile niliifungua usiku huohuo. Chini ya picha palikuwa na kitufe chekundu: kuondoa picha, dola 399. Chini yake, nyuso nyingine za siku ileile, kila mmoja na lake, mlevi na mpigaji na mimi mwenye doa la uji. Hapakuwa na neno kuhusu kesi iliishaje. Picha zenyewe hawakuiba. Georgia wakati ule ofisi nyingi za sherifu zilikuwa zikizitundika zenyewe mtandaoni, nao walikuwa wakizichota kwa programu na kuzipanga kama bidhaa dukani. Kulikuwa hata na magazeti ya karatasi ya picha za waliokamatwa, yakiuzwa kwenye vituo vya mafuta karibu na bigijii na kahawa.

Nilikaribia kulipa. Nilikuwa na kadi mkononi. Kilichonizuia ni ubahili, sitajisifia hekima. Nikaona nilale kwanza. Asubuhi nikampigia Mkongomani wangu, akaniambia yeye alilipa, picha ikatoka, na wiki mbili baadaye ikaonekana kwenye tovuti nyingine mbili. Miaka mitano baadaye, Mei 2018, wamiliki wa tovuti moja kubwa ya aina hii walikamatwa kwa mashtaka ya mwanasheria mkuu wa California, Xavier Becerra: unyang'anyi wa vitisho, kutakatisha fedha na wizi wa utambulisho. Mashtaka yalisema tovuti ya kuchapisha na tovuti ya kufuta zilikuwa za watu walewale, na kwamba katika miaka mitatu watu wapatao 5,703 nchi nzima walikuwa wamelipa zaidi ya dola milioni 2. Wao wenyewe wakapigwa picha za mahabusu. Nilimtumia mdogo wangu zile picha bila kuandika neno.

Nirudi 2013. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua picha ipo wapi na wapi. Hapa jina langu liliniponza. Mtu anayeitwa James Johnson akikamatwa Georgia anajificha katikati ya James Johnson elfu. Mimi ukiandika jina langu na la babu, duniani nipo peke yangu, na Google haina pa kwenda ila kwangu. Halafu aliyeniandikisha jela alikosea: jina linaloanza na "Mw" akaliandika kwa "Nw", na jina la babu akaligeuza kuwa la katikati. Kwa jina sahihi nilipata tovuti mbili. Nilipojaribu kwa jina lililokosewa ikatokea ya tatu. Kwa hiyo nikakaa na daftari la mistari nikaandika kila namna jina langu linavyoweza kuharibiwa na Mmarekani, na ni nyingi. Kila namna nikaitafuta ndani ya alama za mtajo, pamoja na jina la kaunti, kisha upande wa picha, kisha majina mbele-nyuma. Nilitumia dirisha la faragha la kivinjari, kwa sababu Google ikikuzoea inakuonyesha unachopenda, si anachokiona mwajiri. Kila kurasa niliyoipata niliandika anwani yake nzima na kuipiga picha ya skrini yenye tarehe. Daftari lile ninalo hadi leo.

Bahati yangu, mwaka ule bunge la Georgia lilipitisha sheria iliyoanza kutumika 1 Julai 2013. Inasema hivi, kwa lugha yetu: mwenye tovuti anayechapisha picha za mahabusu kibiashara, ukimwandikia ilhali rekodi ya kesi yako imefungwa, lazima aiondoe ndani ya siku 30 bila kukutoza hata senti. Barua iwe na jina lako, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kukamatwa, na jina la chombo kilichokukamata. Na isiende kwa barua pepe. Iende kwa barua ya rejista, wanayoiita certified mail, yenye risiti ya kupokelewa, kwa wakala aliyesajiliwa kupokea barua za kampuni, au makao makuu ya biashara, au nyumbani kwa mwenye tovuti. Mwaka uliofuata wakaongeza sheria nyingine, kwamba vyombo vinavyokamata visitundike tena picha hizo kwenye tovuti zao, ila kwa sababu chache maalumu. Mimi nilishatundikwa.

Neno "kufungwa" hapo juu ndilo lenye kazi. Rekodi haichomwi moto. Inafungwa machoni pa waajiri wa kawaida na wenye nyumba, lakini polisi na waendesha mashtaka bado wanaiona. Waliokamatwa baada ya tarehe hiyo 1 Julai, kesi ikiondolewa rekodi hufungwa mahakamani palepale, au ndivyo inavyotakiwa. Sisi wa zamani tulilazimika kujaza fomu na kuipeleka kwa waliotukamata, na ada isiyozidi dola 50 kwa mani oda. Kutoka hapo inakwenda kwa mwendesha mashtaka, mwenye siku 90 za kuamua.

Siku niliyopeleka fomu, karani nyuma ya kioo, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliisoma yote. Akaniuliza, "Karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi imeondolewa unayo?" Nikamwonyesha kivuli chake. Akatikisa kichwa. Akaniambia kabla sijaanza kufunga chochote, nivuke barabara niende kwa karani wa mahakama, nichukue nakala zilizothibitishwa, zenye muhuri, na nisichukue moja. "Wewe si wa hapa," akasema, bila ubaya wowote. "Watu wa Uhamiaji watakuuliza. Ukishafunga, kuzipata ni shida."

Nilichukua tano. Muhuri wake umebonyezwa kwenye karatasi, ukipitisha kidole unauhisi. Nilidhani mama yule ananiongezea gharama tu.

Jibu likaja Oktoba: imekubaliwa. Ndipo nikaandika barua tatu. Ukituma barua ya rejista Marekani, posta inabandika nyuma yake kadi ndogo ya kijani. Mpokeaji anasaini, kadi inakurudia. Mimi ambaye nilikuwa nimeisubiri grini kadi ya Uhamiaji kwa miaka, nikajikuta nasubiri kadi nyingine za kijani kwenye sanduku la barua, na sitasema furaha ilikuwa ndogo zaidi. Ya kwanza ilirudi na saini. Picha ikatoka wiki ya tatu. Ya pili ikarudi na saini, siku 30 zikapita, picha ipo. Nikatuma barua ya pili, safari hii na kivuli cha kadi ya kijani na namba ya kifungu cha sheria, 10-1-393.5, kwa wino mzito. Ikatoka siku nne baadaye. Watu hawa hawaogopi mtu. Wanaogopa mtu mwenye ushahidi wa tarehe.

Ya tatu, ile yenye jina lililokosewa, barua ilirudi kama ilivyokwenda. Anwani haikuwa na mtu. Hapo nilisaidiwa na mambo yasiyonihusu. Oktoba hiyohiyo gazeti la New York Times liliandika habari ndefu kuhusu biashara hii. Google ikazishusha tovuti hizo kwenye matokeo, na kampuni kubwa za kadi za malipo zikaanza kuzikatia huduma. Picha yangu ikaporomoka kutoka juu hadi kurasa ambazo hakuna anayefika. Baadaye Google wenyewe waliweka fomu ya kuomba matokeo yaondolewe kama tovuti inadai fedha ili kufuta. Tovuti inabaki na picha, lakini anayekutafuta haioni, na kwa shughuli zetu hiyo inatosha.

Kitu kimoja kilinitia wazimu kidogo: zile mbili zilipofuta, kijipicha changu kikaendelea kuonekana upande wa picha wa Google, kama mzimu. Ukibofya, ukurasa haupo, sura ipo. Ipo fomu ya kuwaambia Google kwamba walichonacho kimepitwa na wakati. Nikaijaza mara mbili, kikatoka.

Baada ya hapo nilistarehe hadi 2015, nilipoomba kazi kwenye nyumba nyingine ya wazee. Ile wenyewe tunaita bakigraundi, yaani uchunguzi wa rekodi za mwomba kazi, ikarudi na mimi nikiwa na kesi "iliyo wazi". Kampuni iliyochunguza ilikuwa imenunua orodha ya kaunti miaka ya nyuma na haikuwahi kuisafisha. Hii haina uhusiano na Google hata kidogo, na wengi tunazichanganya: picha ni jambo moja, rekodi ni jingine, na rekodi iliyokwisha kunakiliwa na kampuni binafsi ni la tatu. Sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri, kabla hajakukataa kwa sababu ya ripoti ile, akupe nakala yake. Nilipewa. Nikawaandikia kampuni ile kupinga, nikaambatisha nakala yenye muhuri. Wana siku 30 za kuchunguza na kurekebisha. Walirekebisha. Kazi ile ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Hiyo siwezi kuirudisha.

Nakala ya tatu niliipeleka Uhamiaji mwaka 2018. Fomu ya uraia, N-400, haiulizi kama umewahi kutiwa hatiani tu. Inauliza kama umewahi kukamatwa. Na maelekezo yake yanasema wazi kwamba hata kama rekodi imefungwa au kufutwa, hata kama hakimu au wakili alikwambia huna rekodi tena, unatakiwa kuitaja. Hapa nimeona watu wa kwetu wakiangamia. Mtu amehangaika kufunga rekodi yake, amefanikiwa, anafika kwenye swali hilo anaandika "hapana" kwa moyo mweupe. Halafu alama zake za vidole zinamsemea. Kosa la taa ya nyuma linageuka kuwa kudanganya serikali.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimetuma vidole vyangu FBI pamoja na dola 18 kuona wao wana nini juu yangu. Kukamatwa kulikuwepo. Kwa hiyo niliandika "ndiyo". Ofisa, kijana mwenye tai fupi, akasoma kwenye skrini, akaniuliza ilikuwaje. Nikaanza kueleza habari ya kuhama nyumba. Akanyoosha mkono bila kunitazama, "Karatasi?" Nikampa. Akapitisha kidole juu ya muhuri, kama nilivyofanya mimi siku ile. Akaendelea na swali la idadi ya watoto.

Mimi si wakili. Majimbo hayafanani: Texas wana utaratibu wa kufuta kabisa, na sheria yao wenyewe dhidi ya tovuti hizi, Florida wana yao. Lakini kijana wa kwetu akinipigia siku hizi akilia kuhusu picha, na wananipigia, simuulizi picha iko wapi. Namuuliza kesi iliishaje, na karatasi iko wapi. Wengi hawaipendi sauti yangu ninapouliza la pili.

Nilikwenda Tanga Desemba 2019, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Siku ya pili mama alinituma chumbani kwake nimletee tasbihi iliyo kwenye kabati, chini ya khanga. Nikaikuta juu ya bahasha ya studio ya picha ya mjini. Nikaifungua. Macho mekundu, moja limefumba nusu, kola imepinda, doa la uji. Walikuwa wameikata vizuri pembeni, maandishi yote hayapo, na karatasi yenyewe ni ya kung'aa, si ya bei rahisi.

Nilirudi ukumbini nayo mkononi.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Mdogo wako alinisafishia. Ulikuwa hujanitumia picha mwaka mzima." Akapokea tasbihi, akaitazama ile picha niliyoishika. "Nilikuwa naiweka mbele yangu nikikuombea. Naona umechoka sana hapo."

Nikamwambia nitampa nyingine nzuri, niliyopigwa siku ya kuapa uraia, nina suti. Akasema nilete, lakini ile niirudishe nilipoitoa.